Vitunguu vya Maua Juu ya Kaburi la Baba

Vitunguu vyetu, mwanamke mmoja alivirudisha kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Aliviweka kwenye meza ya mama yangu, akajifuta mkono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima la Ndosho:

"Mama, chukua vitu yako. Miye siwezi kupikia batoto yangu vitunguu ya mu makaburi."

Akaondoka. Hakudai kitu, hakugombana, hakugeuka nyuma. Hapo ndipo nilipoogopa. Sisi watu wa Ndosho, hapa Goma, tunagombana kwa kila jambo: kwa zamu ya bidoni za maji bombani, kwa moto, yaani pikipiki, iliyokurushia tope, kwa kuku wa jirani aliyekanyaga unga ulioanikwa. Mtu akigombana nawe, mambo bado ni mazuri. Lakini akikuachia neno mezani na kwenda zake kimya, jua kwamba ameshaongea na wengine.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya mama juu ya bidoni iliyopinduliwa, nashona vifungo vya shati la mteja. Kazi yangu ni kushona. Mashini yangu iko mtaa wa Mapendo, lakini Ndosho ndiko nilikokulia, na kila nikipata nafasi napanda moto kwenda kumwona mama. Hasira yangu haina breki, hilo kila mtu wa kwetu analijua. Nilisimama na sindano mkononi.

"Weye! Rudia hapa! Makaburi gani?"

Mama alinivuta sketi, nikarudi chini pu! "Ikala," akasema. "Ukipiga kelele, watasikia hata wale ambao hawakusikia." Akavichukua vile vitunguu, akavipangusa, akavirudisha kwenye lundo lake, vikubwa chini na vidogo juu, kama alivyopanga kila asubuhi tangu nipate akili.

Huyo mwanamke si mgeni kwetu. Ni jirani wa nyumba ya mbao zilizopakwa rangi ya bluu, upande wa pili wa avenyu, na binti yake mdogo ameshalala mara nyingi mgongoni mwa mama yangu. Ndiyo maana iliuma.

Na makaburi, ndiyo, yalikuwepo. Ngoja nieleze.

Baba alikuwa shofa, dereva wa masista huko Bukavu. Tulipohamia Goma, sista aliyekuwa anatunza bustani alimpa zawadi ya kuagana: kopo la maziwa lililojaa vitunguu vya maua. Ni vitunguu, lakini si vya kula. Majani yake ni membamba na bapa, kijani kilichochanganyika na majivu. Vinakaa chini, vimeshikamana, havifiki magotini, na wakati wa maua kila shina linabeba kichwa cha mviringo cha rangi ya zambarau, kidogo cha kutosha kiganjani mwa mtoto. Ukivunja jani, harufu ni ya kitunguu kabisa. Ukichimba kutafuta kitunguu chenyewe, unakuta kitu chembamba kisichozidi kidole changu kidogo.

Baba alifanya kosa ambalo mtu yeyote wa Goma angelifanya. Sisi hapa tunaishi juu ya lava, mawe ya volkano. Parseli, kiwanja cha nyumba, ni jiwe tupu, na ukitaka kupanda hata mboga ya lengalenga, lazima ununue udongo kwa magunia, ule mweusi unaoshushwa kutoka upande wa Kibati. Kwa hiyo kwetu udongo mzuri ndio heshima ya kwanza unayoupa mmea. Baba akavinunulia vitunguu vyake udongo bora kabisa, akavitafutia pahali penye kivuli karibu na mlango, na kila jioni akavinywesha maji ambayo sisi watoto tulikuwa tumeyabeba kichwani kutoka ziwani. Vikanenepa. Vikalala chini. Vikaoza. Baba alitukana kwa Kifaransa, lugha aliyoitumia kwa matusi na kwa polisi wa barabarani tu, akavizoa vilivyobaki na kuvitupa nyuma ya ukuta, kwenye changarawe ya lava iliyosalia tulipojenga choo. Huko jua linapiga kutwa nzima na hakuna mtu anayepita na maji.

Huko ndiko vilikopona. Msimu wa mvua ulipoisha, changarawe yote ilikuwa ya zambarau, na nyuki walikuwa wanapigania nafasi.

Tangu hapo baba akawa na dini yake. Mawe madogo, jua kali, mvua ya Mungu, basi. Mbolea hapana. Maji ya ndoo hapana. Shina likijazana sana, analitoa, analigawanya kwa kisu, analipanda upya mbali kidogo. Vichwa vingine anaviacha vikauke shinani, vidondoshe mbegu, na mbegu hizo zinaingia zenyewe kwenye nyufa za lava. Kila mwaka zilikuwa zinasogea. Zilitoka chooni zikafika jikoni, zikatoka jikoni zikafika langoni. Mama alikuwa analalamika: "Vitunguu imejaa parseli muzima, na hakuna hata moja ya kutia mu samaki ya sambaza!" Baba anacheka mpaka anakohoa. "Mama, wacha kuangalia kila kitu na macho ya sufuria."

Kisha baba akafa. Ugonjwa ulikuwa wa haraka, katika miezi ambayo Goma nzima ilikuwa inazika watu wake. Simenti hatukuweza, tukamwekea msalaba wa mbao. Haukumaliza msimu mmoja wa mvua, ukaondoka. Usishangae: njia zilikuwa zimefungwa, makala, makaa ya kupikia, yalikuwa hayapatikani, na msalaba ni mbao kavu. Watu walikuwa wanapikia misalaba. Na makaburi yetu nayo yako juu ya lava, hayana mti wala ukuta, ni vilima vya mawe vilivyobanana mpaka huoni pa kuweka mguu. Ukikosa alama, mtu mwingine anamlaza wake juu ya wako, na utamlaumu nani? Mama aliogopa hilo kuliko njaa.

"Nikimupoteza na huku chini," aliniambia, "nitamutafutia wapi tena?"

Alipanda maua ya kawaida, jua likayamaliza. Akapanda mengine, mbuzi wakayala. Ndipo akakumbuka vitunguu vya marehemu. Akavigawanya kwa kisu chake, akavipeleka, akavisukumia kati ya mawe kama alivyomwona akifanya. Mbuzi walinusa, wakageuza vichwa, wakaenda zao. Na kuanzia siku ile, ukishuka tu kwenye njia ya makaburi, unaona kwa mbali ile zambarau ndogo, na unajua baba yuko pale.

Kila Jumapili baada ya misa mama alikuwa anaenda na kisu na beseni. Anakata majani yaliyochoka, anapunguza mashina yaliyosongamana, anayaweka kwenye beseni, anajitwika, anarudi. Na beseni lenyewe ndilo la kazi yake ya sokoni, maana tuna beseni moja. Sasa fikiria: mjane anatoka makaburini, beseni kichwani, majani ya kitunguu yananing'inia na kunuka. Kesho yake asubuhi, beseni lile lile, kichwa kile kile, anapeleka vitunguu sokoni. Kati yetu sisi wa nyumbani hakuna aliyewahi kuliona hilo. Jirani wa nyumba ya bluu ndiye aliyeliona. Alikuwa makaburini Jumapili moja. Alikuwa anafanya nini huko, hatukuuliza.

Maneno yalizunguka soko zima kabla mama hajajua. Wateja wake wa siku zote wakaanza kupita upande wa pili wa njia, macho kwenye simu. Muuza nyanya wa meza ya pili akaisogeza meza yake. Alisema ni kwa ajili ya jua, na jua lilikuwa lile lile. Vitunguu vya mama vikaanza kuchipua mezani, na kwa muuza vitunguu hiyo ni aibu kubwa, ni kukaa mbele za watu na jeraha wazi. Na bado alikuja kila asubuhi. Anapanga, anaketi, anasema "Karibu, mama," na anaowaambia wameshampa mgongo.

Mwanzoni niliita ujinga, nikasema utapita. Halafu binti wa jirani akaugua. Homa, tumbo, kutapika. Wakampeleka sante, zahanati ya kwetu, akawekewa serumu ya dripu. Na chakula alichokula siku ile kilikuwa nini? Sambaza za kukaanga, na vitunguu vya mama yangu, vile vya mwisho vilivyosahaulika jikoni kwao, vikapikwa bila mama wa mtoto kujua.

Hapo neno likabadilika. Hawakusema tena uchafu. Walisema bulozi, uchawi.

Anayesoma hili akiwa mbali anaweza kucheka. Mimi sicheki. Niliwahi kuona, katika kartie, mtaa ambao sitautaja, mama mzee akitolewa nyumbani kwake na watu waliokuwa wanamsalimia jana yake. Niliona moshi. Zaidi ya hapo sisemi. Neno hilo likishamwangukia mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume nyumbani, linakuwa jina lake. Ama anahama, ama wanamhamisha. Wiki zile nilikuwa nashona Mapendo na masikio yangu yako Ndosho. Simu ikilia, niliacha mashini na kukimbilia nje kuipokea. Nilishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, mimi, na hizi akili zangu!

Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, watu waliingia parselini wakaikanyaga bustani ya baba. Mama alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, akasikia viatu juu ya changarawe, na jiwe moja likatua juu ya bati. Alipotoka hakukuta mtu. Vichwa vya maua vilikuwa vimepondwa, parseli yote inanuka kitunguu. Mimi nilifika na moto ya abiria, nikamkuta amechuchumaa anaokota majani.

"Mama, funga vitu. Tunaenda Mapendo leo leo."

"Kwa kufanya nini?"

"Kwa kuishi, mama!"

"Na meza yangu?"

"Meza! Batu wanataka kukuchoma, weye unaniambia meza!"

Aliendelea kuokota. Hakuinua hata sauti. "Nikienda watasema amekimbia. Mutu anakimbia kitu alichofanya. Jina yangu itabaki hapa Ndosho peke yake, bila mwenyewe, kila mutu ataifanyia vile anapenda. Hapana. Na jina yangu njo kitu moja tu baba yako aliniachia."

"Basi tuving'oe vile vya makaburini. Nitaenda mwenyewe asubuhi, na jembe."

Sasa alinitazama. "Ukiving'oa, umewajibia kwamba walisema kweli. Na kisha baba yako utamupata wapi?"

Nililia kwa hasira. Yeye alichimba kashimo nyuma ya jiko, akayazika yale majani yaliyopondwa, akasawazisha changarawe juu yake kwa kiganja. Ndivyo alivyokuwa anayafanyia hata yale aliyoyatoa makaburini kila Jumapili. Sikuwahi kumuuliza kwa nini hayatupi tu kama takataka nyingine.

Kesho yake akaja msimamizi wa wamama wa soko. Ni muuza makala, mnene, sauti nzito, naye mjane. Tulimpa kiti, akakataa kukaa. Kwetu mgeni akikataa kiti, ujue ameleta kitu kibaya.

"Mama," akasema, "miye sisemi uko mulozi. Sisemi pia kwamba hauko. Bamama wanataka kuona na macho yao. Jumamosi, salongo ikiisha, tutaenda wote kule makaburini. Utatuonesha."

"Nitawaonesha," mama akajibu, kana kwamba ameombwa chumvi.

"Na wakiona vibaya?" Hilo nililiuliza mimi.

Muuza makala alijifunga kikwembe chake upya. "Wakiona vibaya, mutoto yangu, miye niko na mikono mbili tu."

Wasiojua: salongo ni kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Kila nyumba inatoa mtu kufagia avenyu na kufyeka majani, na maduka yanafungwa mpaka iishe. Mtu haendi salongo mikono mitupu. Kwa hiyo wamama walioondoka nasi Jumamosi ile kwenda makaburini waliondoka na majembe, mapanga, nyundo za kuvunjia mawe. Hawakuyabeba kwa ubaya, ndivyo vyombo walivyokuwa navyo mkononi. Lakini mimi nilikuwa nayaona mapanga tu.

Mama alivaa kikwembe chake cha Jumapili. Nilipomwona anajitwika lile beseni, nilitaka kupiga kelele.

"Mama, kwa jina la Yesu, leo wacha beseni!"

"Juu ya nini? Niliificha siku gani?"

Nilitembea nyuma yake, karibu kumkanyaga visigino, ili kikirushwa kitu kinipate mimi kwanza. Nyuma yangu nilisikia minong'ono na chuma kikigongana na jiwe. Jirani wa nyumba ya bluu alikuwa mbele ya wengine wote, na jembe begani, uso umekauka. Binti yake alikuwa bado sante. Alikuwa ametoka kitandani kwa mtoto asubuhi ile ile kuja kwetu. Nilimchukia kwa roho yangu yote. Nasema ukweli.

Tulifika. Jua lilikuwa limesimama. Vitunguu vya baba vilikuwa vimechanua vyote kwa mara moja, zambarau juu ya mawe meusi, nyuki tele, na pande zote kilichobaki ni kijivu. Wamama walisogea karibu. Wengi hawakuwahi kuviona.

Mama aliweka beseni chini, akapiga magoti, akasogeza mawe kwa vidole na kuinua shina moja pamoja na mizizi yake. Akalinyoosha juu wote waone. Muuza makala alikuwa amekuja na kitunguu cha sokoni, alikitoa kwenye mfuko wa gauni, akakishika kando ya vile vijiti vyembamba.

"Hii," akasema, "hata ukipika chungu muzima, haitoshe mutu moja."

Kukawa na mnong'ono, na mimi nikapumua. Nilifikiri yameisha. Kumbe bado.

"Anavitoa hapa vidogo, vinakomalia kwake nyumbani!" Ilikuwa sauti ya jirani, imepasuka. "Nani hajue parseli yake imejaa hii kitu? Mutoto yangu iko kufa! Kama hakuna bulozi, akule. Akule hapa hapa, mbele yetu!"

"Ndiyo, akule!" mwingine akasema nyuma. Kisha wote wakashika: "Akule! Akule!"

Nilielewa papo hapo ule ulikuwa mtego, na hata wao wenyewe sijui kama walielewa. Akila, watasema tazameni, amezoea, anakula kilichonyonya maiti. Akikataa, watasema anajua kilicho ndani. Njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye yale mapanga. Nilimpokonya mama lile shina.

"Munataka mutu akule? Nitakula miye! Nitakula yote, na mizizi, na udongo, kisha mutaniambia nini!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama alinipiga mkono, shina likaanguka.

"Wacha!"

Tangu utoto wangu hakuwahi kunipiga mbele za watu. Akaliokota shina, akalipangusa mavumbi, akasimama akiwaelekea wale wamama wote.

"Sitakula," akasema. "Na mutoto yangu hatakula."

"Munasikia? Munasikia!" Watu wakasogea. Jembe liligonga jiwe karibu na mguu wangu. Nilimshika mama kiunoni, nikawa natafuta kwa macho njia ya kumtolea, na njia haikuwepo.

Mama hakuwa anatazama majembe. Alikuwa anamtazama jirani wa nyumba ya bluu peke yake.

"Siwezi," akasema. "Hii ni bwana yangu. Mizizi yake iko inashuka kwake. Minaikata, minaitengeneza sawa vile nilikuwa namukata nywele. Majani yenye kukauka sitaki hata kuitupa, minaizika nyuma ya jiko, kaulize mutoto yangu. Kuitia mu kinywa, siwezi. Kama ningeweza kumukula bwana yangu, basi ningewauzia na nyinyi. Weye, mama, ungeweza kukula wako?"

Nilisikia nyuki. Nilisikia moto ikipita mbali kwenye barabara kubwa.

Muuza makala ndiye aliyesogea kwanza. Alikiangalia kile kitunguu cha sokoni kilichobaki mkononi mwake, akakirudisha mfukoni, kisha akaketi juu ya jiwe kwa uzito wake wote. "Wangu alilala upande ule wa chini," akasema, bila kumwambia mtu. "Alikuwa na musalaba. Sasa kila mara minasalimia pahali moja, halafu minasema, labda ni ile ingine." Mwanamke mmoja aliweka panga chini, akafunga kitambaa chake upya kichwani. Wengine wakaanza kugeuka na kuangalia vile vilima vya mawe, kila mmoja upande wake, na nikaona kwamba karibu wote walikuwa na mtu pale.

Jirani wa nyumba ya bluu hakugeuka. Jembe lilikuwa limemteleza begani, alikuwa anaburuta mpini chini.

"Siku ile sikukuja kukuchunguza, mama," akasema. "Nilikuja kumutafuta mutoto yangu wa kwanza. Yule aliyezaliwa mbele ya huyu. Kamusalaba kake walichukua. Nilizunguka toka asubuhi, sikumuona. Kisha nikakuona weye unatoka, beseni imejaa, weye unajua wako iko wapi." Akajifuta uso. "Nilisikia vibaya sana mu roho, njo nikasema ile maneno."

Sitasema nilimhurumia pale pale. Hapana. Binti yake alipona, ilikuwa tifoide, ni maji ya bidoni ambayo hayakuchemshwa, na mpaka leo hajaniomba msamaha kwa maneno. Siku ile makaburini nilitaka kumwambia mengi, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Lakini mama alikuwa ameshapiga magoti tena na kutoa kisu chake.

Aliligawanya lile shina alilokuwa nalo mkononi, akalipasua katikati polepole mpaka mizizi ikaachana, akamnyooshea jirani nusu yake.

"Usiitilie udongo ya Kibati," akamwambia. "Mawe tu. Maji usiilete, hata ukiisikilia huruma. Mwezi wa kwanza itaonekana sawa imekufa. Haijakufa."

Jirani aliegemeza mpini begani, akaipokea kwa mikono miwili, ile mikono iliyorudisha vitunguu vyetu kwa vidole viwili. Alisimama nayo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Sasa nitaipanda wapi?" akauliza. "Sijue mutoto yangu iko wapi. Ilikuwa upande huu, karibu na jiwe kubwa, na mawe yote hapa ni kubwa."

Hapo nilisahau hasira yangu, nakiri. Wamama wote walikuwa wanasikiliza.

"Panda hapa, pembeni ya bwana yangu," mama akasema. "Alipenda batoto."

"Na kama haiko hapa?"

Mama alinyoosha mkono juu ya kaburi la baba, akatafuta kichwa kilichokuwa kimeshakauka, akakivunja na kukisugua kati ya viganja vyake. Mbegu nyeusi zikaanguka juu ya mawe, nyingine zikaingia kwenye nyufa na hatukuziona tena.

"Hii haikalake pahali moja, mama," akasema. "Kila mwaka inasogea. Wacha ianzie hapa. Siku moja itamufikia."

Jirani akaweka jembe chini, akapiga magoti karibu naye, akaanza kusogeza mawe kwa mikono.